Soko la Fahali na Wanaofika Bei Ikishapanda

Mwaka 2015 Benki ya CRDB ilitaka kuongeza mtaji, ikawauzia wanahisa wake hisa mpya kwa shilingi 350 kila moja. Kufika mwaka 2019, hisa hiyohiyo ilikuwa ikiuzwa sokoni kwa karibu shilingi 100. Mwisho wa mwaka 2024 ilikuwa imefika 670. Nimeanza na namba hizi tatu kwa sababu huku kwetu Kaskazini, kuanzia ofisi za Moshi mjini hadi maduka ya Arusha, watu wanazungumzia hisa kwa hamu ambayo zamani haikuwepo. Mwalimu mstaafu anauliza anunue za kampuni gani. Kikundi cha kina mama kinafikiria kuhamisha akiba yake kuipeleka sokoni. Kijana wa bodaboda amejiunga kwa simu kupitia Hisa Kiganjani, na amekwisha kununua kabla ya kusoma hata ukurasa mmoja wa hesabu za kampuni. Nayafurahia haya kwa dhati, maana kwa miaka mingi soko letu lilionekana ni la watu wa Dar es Salaam na wageni. Lakini pia yananitia hofu. Ukiwauliza wengi kwa nini wananunua sasa, jibu ni neno moja tu: zinapanda.

Kupanda huko kuna jina. Katika masoko ya hisa duniani, kipindi cha bei kupanda kwa muda mrefu huitwa soko la fahali, na kipindi cha kuporomoka huitwa soko la dubu. Maelezo yanayosikika zaidi ni kwamba fahali hupigana kwa kuinua pembe, na dubu, mnyama wa nchi za baridi, hupiga kwa kushusha makucha. Wengine huenda nyuma zaidi, hadi London ya mwanzoni mwa karne ya 18, ambako wafanyabiashara wa ngozi za dubu walijulikana kwa kuuza ngozi ambazo bado hawakuwa nazo, wakitumaini bei itashuka kabla ya siku ya kuzikabidhi. Jina la dubu likawaganda wote waliokuwa wakiombea bei ishuke, na fahali akapewa upande wa pili. New York kuna sanamu kubwa ya fahali ya shaba, kazi ya mchongaji Arturo Di Modica. Aliifikisha mbele ya soko la hisa usiku mmoja wa Desemba 1989 bila kibali cha mtu, miaka miwili baada ya siku ile ya Oktoba 1987 ambapo kiashiria cha Dow Jones, kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa za Marekani, kilianguka asilimia 22.6 kwa siku moja.

Historia ya jina nitaiacha hapo. Kinachotuhusu zaidi ni kipimo chake. Kwa mazoea ya wachambuzi, soko huitwa la fahali bei zikishapanda asilimia 20 kutoka pale zilipokuwa chini kabisa, na huitwa la dubu zikishashuka asilimia 20 kutoka kileleni. Hakuna sheria iliyoweka asilimia hiyo. Tazama maana yake kwa mnunuzi: jina hutolewa wakati bei imekwisha kupanda kwa sehemu ya tano. Kupanda kwa muda mrefu kuliko kote katika historia ya soko la Marekani kulianza Machi 9, 2009, na kulidumu hadi Februari 2020. Siku ile ya Machi hakuna aliyelitangaza. Mabenki yalikuwa yametoka kuanguka, watu walikuwa wakiuza kwa woga, na kiashiria cha S&P 500 kilifunga siku kikiwa 676. Aliyengoja mpaka soko liitwe la fahali aliingia akiwa amechelewa, ingawa safari hiyo alibahatika kwa kuwa njia ilikuwa bado ndefu.

Si kila mara njia huwa ndefu. Kiashiria cha Nikkei cha Japani kilifika kileleni siku za mwisho za Desemba 1989, karibu 38,916, baada ya miaka ya kupanda iliyowafanya hata watu makini waamini kwamba ardhi na hisa za Tokyo hazishuki. Kilirudi pale Februari 2024. Aliyeingia dakika ya mwisho akiwa na miaka 40 alirudishiwa bei yake akiwa na 74. Wamarekani walionunua kwenye kilele cha 1929 walingoja mpaka 1954. Nayasema haya kwa sababu kuna sentensi inayorudiwa sana siku hizi, kwamba hisa ukizikalia muda mrefu lazima upate. Ni kweli mara nyingi. Lakini muda mrefu wa mstaafu wa Pasua au Majengo hapa Moshi haulingani na muda mrefu wa kiashiria.

Turudi nyumbani. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilifungua milango ya biashara Aprili 1998 likiwa na kampuni moja, TOL, na kwa miaka mingi lilitembea polepole. Kupanda kwake kwa kwanza kulikotikisa nchi kulikuwa kwa miaka ya 2013 na 2014. Mwaka 2014 serikali iliondoa ukomo uliowazuia wawekezaji wa nje kumiliki zaidi ya asilimia 60 ya kampuni iliyoorodheshwa, fedha zikaingia, bei zikaruka. Hisa ya CRDB, iliyouzwa kwa umma kwa shilingi 150 mwaka 2009, ikapita 400. Ndiyo maana mwaka 2015 shilingi 350 ilionekana ni bei ya zawadi.

Kilichofuata hakikuwa bahati mbaya ya soko peke yake. Mwaka 2016 taasisi za umma zilitakiwa kuhamishia fedha zao Benki Kuu, na mabenki ya biashara yakapoteza amana kubwa za bei nafuu. Wakopaji wengi wakashindwa kulipa, na mikopo chechefu katika sekta nzima ikazidi asilimia 10 ya mikopo yote, wakati Benki Kuu inataka isizidi 5. Faida ya CRDB, iliyokuwa imezidi shilingi bilioni 120 mwaka 2015, ilianguka hadi kama bilioni 36 mwaka 2017. Bei ya hisa ilikuwa ikiifuata faida kushuka, kama ilivyopaswa.

Sasa nakuomba msomaji uchukue kalamu, maana hapa ndipo penye jambo lenyewe. CRDB ina hisa takribani bilioni 2.61. Gawanya faida ya 2015 kwa idadi hiyo: kila hisa ilizalisha chini kidogo ya shilingi 50. Aliyelipa 350 alilipa kama shilingi saba kwa kila shilingi moja ya faida ya mwaka. Mwaka 2019 faida ilirudi kwenye bilioni 120, yaani shilingi 46 kwa hisa, na hisa ilikuwa karibu 100. Hapo mnunuzi alilipa shilingi mbili na kidogo kwa kila shilingi ya faida. Mwaka 2024 faida ilifika bilioni 551, sawa na shilingi 211 kwa hisa. Kwa bei ya 670, mnunuzi alilipa shilingi tatu na kidogo.

Kwa hiyo shilingi 670 ya 2024 ilikuwa bei nafuu kuliko 350 ya 2015, zaidi ya mara mbili. Anayeangalia bei peke yake hawezi kuliona hili hata akikodolea simu macho kutwa nzima. Na hesabu hiyo hugeuka kila bei inapoitangulia faida. Kwa faida ileile ya 2024, hisa ikiuzwa 1,000 unalipa karibu tano. Ikiuzwa 1,500 unalipa saba, yaani umefika palepale walipokuwa wale wa 2015. Sisemi kwamba saba ni dhambi. Faida ikiendelea kukua, saba ya leo huwa tatu ya kesho. Nasema anayelipa saba anapaswa kujua kwamba analipa saba, na anaweka matumaini yake kwenye faida ambayo haijapatikana bado.

Gawio, yaani sehemu ya faida anayogawiwa mwenye hisa, linasimulia habari hiyohiyo. Kwa mwaka 2019 CRDB ilitoa shilingi 17 kwa hisa. Kwa aliyenunua kwa 100, hiyo ni asilimia 17 kwa mwaka, bila kuhesabu kupanda kwa bei. Hakuna akaunti ya akiba mjini hapa iliyowahi kumlipa mtu wa kawaida hivyo. Je, watu walipanga foleni kwa madalali wa hisa? Hawakupanga. Waliokuwa nazo walikuwa wakizikimbia, kwa sababu walikuwa wamezoea kuziona zikishuka. Kwa mwaka 2024 gawio lilikuwa shilingi 65, na kwa bei ya 670 ni kama asilimia 10. Bei ikizidi kupanda asilimia hiyo inazidi kupungua, na huo ndio wakati hamu inapokuwa kubwa kuliko zote.

Sisi watu wa mlimani tulistahili kulijua hili kabla ya wengine, kwa sababu kahawa imetufundisha kwa gharama kubwa. Babu zetu walianzisha chama cha wakulima wa kahawa mwaka 1925, na chama cha ushirika cha KNCU kikasajiliwa 1933. Kahawa ilijenga shule, ikaezeka nyumba kwa bati, ikapeleka watoto vyuoni. Mnada uko hapahapa Moshi, lakini bei ya arabika hutazamwa New York. Mwaka 1989 mfumo wa kimataifa wa kugawana viwango vya mauzo ulivunjika, na kufika mwaka 2001 bei kule New York ilikuwa chini ya senti 50 za dola kwa ratili. Vihamba vingapi kuanzia Machame hadi Rombo viling'olewa mibuni miaka ile, migomba, mahindi na nyanya vikachukua nafasi? Siwalaumu waliong'oa, ada za watoto hazikungoja bei ipande. Lakini Desemba 2024 bei ya arabika ilivunja rekodi iliyokuwa imedumu tangu 1977, na Februari 2025 ikapita dola 4 kwa ratili. Waliovuna ni waliobaki na mibuni. Wengine walianza kutafuta miche wiki hizohizo, na mbuni huhitaji kama miaka mitatu kabla ya kuzaa vizuri. Tuling'oa bei ikiwa chini, tukapanda bei ikiwa juu. Tukiwa na hisa tunafanya hivyohivyo, isipokuwa hisa hung'olewa kwa kubonyeza simu.

Je, kupanda kwa safari hii kuna mizizi? Kwa mabenki makubwa mawili, nadhani ndiyo, na ni haki kulisema waziwazi. NMB iliuza hisa zake kwa umma kwa shilingi 600 mwaka 2008. Kwa mwaka 2023 ilitoa gawio la shilingi 361 kwa hisa moja. Aliyenunua mwanzo na kutulia alipata zaidi ya nusu ya bei aliyolipa, kwa mwaka mmoja tu. Faida yake ilitoka bilioni 142 mwaka 2019 hadi bilioni 542 mwaka 2023. Mikopo chechefu ya sekta imeshuka mpaka chini ya ule ukomo wa asilimia 5. Haya ni mambo yanayohesabika. Sababu nyingine iko nje ya mabenki: mwaka 2022 Benki Kuu ilishusha riba ya hatifungani mpya za miaka 25, yaani mikopo ambayo serikali hukopa kwa wawekezaji, kutoka asilimia 15.95 hadi 12.56. Fedha zilizokuwa zimetulia kwenye hatifungani zikaanza kutafuta pa kwenda. Kila riba ya serikali inaposhuka, hisa hupendeza zaidi, na siku riba hiyo ikipanda, baadhi ya fedha hizo zitarudi zilikotoka bila kuaga.

Ila kosa linaloniudhi katika habari zetu za biashara ni kusema "soko limepanda" kana kwamba kampuni zote zimepanda pamoja. Soko la Dar lina viashiria viwili vinavyotajwa sana. Cha jumla kinahesabu pia kampuni za Kenya zilizoorodheshwa huku, kama KCB na East African Breweries, ambazo bei zake huamuliwa Nairobi. Basi kiashiria cha jumla kinaweza kupanda au kushuka kwa jambo lililotokea ng'ambo ya Namanga, bila kampuni ya Tanzania kufanya lolote. Cha pili kinahesabu kampuni za ndani pekee, na hicho ndicho kinachostahili kutazamwa na mtu wa hapa. Hata hicho hubebwa na kampuni chache kubwa. Zipo nyingine zilizoorodheshwa ambazo hupita siku nyingi bila hisa hata moja kuuzwa. Bei yao kwenye ubao ni bei ya mtu wa mwisho aliyenunua, labda wiki iliyopita, labda kabla ya hapo. Ukizihesabu kwenye karatasi unaonekana tajiri. Ukitaka kuziuza mwezi wa kwanza kwa ajili ya ada, unamtafuta mnunuzi humpati, au unampata kwa bei yake yeye.

Vodacom Tanzania ilionyesha jambo jingine. Sheria ilizitaka kampuni za simu ziuze robo ya hisa zake kwa umma, na mwaka 2017 Vodacom ikauza kwa shilingi 850 moja na kukusanya shilingi bilioni 476. Maelfu ya Watanzania walinunua hisa kwa mara ya kwanza maishani. Walijua jina, walikuwa na laini mfukoni, waliona kila mtu akitumia M-Pesa. Kisha bei ikakaa chini ya 850, na katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2021 kampuni ikatangaza hasara. Kampuni inayojulikana na kila mtu inaweza kuuzwa kwa bei iliyozidi kile inachozalisha. Wengi wa wale wa 2017 walirudi nyumbani wakisema hisa ni utapeli, na nchi ikapoteza wawekezaji ambao ilihitaji wakae. Hilo linaniuma zaidi kuliko kushuka kwa bei yenyewe.

Kuna jambo moja ambalo nitalisema bila kuzungukazunguka: usikope kununua hisa. Usichukue mkopo wa kikundi, wala wa simu, wala wa mshahara. Gawio kwa kawaida hulipwa mara moja kwa mwaka, na mkopo hudaiwa kila mwezi au kila wiki. Mwaka 2008 Wakenya wengi walikopa benki ili wapate hisa za Safaricom kwa shilingi 5 za Kenya. Haukupita mwaka bei ikawa chini ya 3. Mwaka 2021 hisa hiyo ilipita 40, kisha mwaka 2023 ikarudi chini ya 15. Aliyenunua kwa fedha yake angeweza kungoja miaka yote hiyo akipokea gawio. Aliyekopa alilazimika kuuza kwa hasara ili alipe benki, halafu akaangalia wengine wakivuna. Kampuni ilikuwa moja na bei ya kununulia ilikuwa moja. Deni ndilo lililowatenganisha. Kina mama wa vikundi, fedha za mfuko wa pamoja ambazo mwanachama anaweza kuzihitaji kesho kwa msiba au kwa ugonjwa hazifai kuwa kwenye hisa hata zikipanda namna gani. Vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT au hatifungani vinaweza kufaa sehemu yake. Sehemu nyingine ibaki karibu.

Kwa aliye na fedha ambayo hataihitaji kwa miaka mitano au zaidi, simwambii akae mbali, wala simwambii angoje soko lianguke, maana wapo waliongoja wakazeeka. Namwambia anunue kidogo kidogo kwa vipindi, asitupe yote siku moja, na asiweke yote kwenye benki moja. Kabla ya hapo afanye ile hesabu ya kalamu: faida ya mwaka kugawanya kwa idadi ya hisa, kisha bei kugawanya kwa jibu hilo. Bei ipo sokoni, na faida ipo kwenye hesabu ambazo mabenki hulazimika kuchapisha magazetini kila robo mwaka. Haihitaji digrii.

Sisi wa huku tuna nafasi ambayo mtu wa Songea au Kigoma hana kirahisi. Mkutano mkuu wa wanahisa wa CRDB umekuwa ukifanyika Arusha, pale ukumbi wa mikutano wa AICC, mwezi wa tano. Mwenye hisa mia ana haki ya kuingia na kuuliza sawa na mwenye milioni. Kutoka Moshi ni nauli ya basi tu. Nimeona jinsi wengi wetu tunavyokwenda kusikia gawio ni shilingi ngapi, tunapiga makofi, tunachukua chakula tunaondoka. Mwaka huu tuulize mikopo chechefu imefika asilimia ngapi na iko katika sekta zipi. Tuulize faida ya mwaka imetokana na riba kiasi gani na ada za miamala kiasi gani. Tuulize kampuni tanzu za Burundi na Kongo zinachangia nini na zinabeba hatari gani. Tuulize kwa nini gawio ni theluthi moja tu ya faida, na theluthi mbili zinazobaki zinakwenda kufanya kazi gani. Na bodi ikijibu kwa maneno ya jumla, mwanahisa anyanyue mkono tena.